Nyota ngeni aliyoiona babu upande wa Ruvuma

"Shikamoo mwalimu. Naandika kutoka Mikindani. Marehemu babu yangu alikuwa mvuvi. Alizoea kutusimulia kwamba miaka ya themanini, Rais Mwinyi akiwa ameshaingia na kaskazi likielekea kuisha, waliona nyota ngeni upande wa kusini, kule Ruvuma, ndani ya kile kiwingu ambacho hakiondoki hata anga likiwa safi. Bibi, ambaye bado yupo, anasema iliendelea kuonekana hadi mwezi wa mfungo na walikuwa wakiitazama baada ya kufuturu. Mwalimu wetu mmoja alinicheka, akasema nyota za namna hiyo waliziona Wachina wa kale tu, na kwamba nyota ikilipuka huacha shimo jeusi. Sasa nimesoma kwamba ile nyota nyekundu ya Jabari italipuka wakati wowote. Mama amewakataza watoto kukaa uani usiku, anasema mwanga wake utawapofusha. Yeye mwenyewe tangu wiki iliyopita anaona vimulimuli pembeni mwa jicho la kulia, hata akifumba macho. Babu aliona nini? Na je, tuogope?"

Marahaba, mwanangu. Nianze na lile lisiloweza kusubiri, nalo si la nyota. Mwanga anaouona mama akiwa amefumba macho hautoki angani, unatoka ndani ya jicho lenyewe. Vimulimuli vya pembeni vinavyoanza ghafla mara nyingi ni dalili kwamba ute uliomo ndani ya jicho unaivuta retina, ile ngozi nyembamba ya nyuma inayopokea picha. Wengine huwapita bila madhara. Wengine retina huchanika, na ikibanduka mtu hupoteza uoni, ilhali ikiwahiwa hutibika. Mpeleke kwa daktari wa macho kwenye hospitali ya rufaa hapo Mtwara mjini, leo au kesho. Akianza kuona vitone vyeusi vingi vinavyoelea, au kama pazia limeshushwa upande mmoja wa jicho, mwende saa hiyo hiyo hata kama ni usiku wa manane. Mimi ni mtu wa nyota. Jicho la mama linahitaji kutazamwa kwa kifaa, na mtu aliyekaa mbele yake.

Sasa babu. Naamini aliona kitu cha kweli, na nadhani nakijua.

Usiku wa kuamkia tarehe 24 Februari 1987, kwenye kituo cha kutazama nyota cha Las Campanas katika milima ya Chile, Ian Shelton alikuwa akipiga picha za Wingu Kubwa la Magellan. Aliposafisha bamba lake la picha akakuta doa la nyota mahali ambapo halikupaswa kuwapo. Akatoka nje, akainua macho, akaiona. Mwenzake wa hapohapo, Oscar Duhalde, alikuwa ameshaiona kwa macho matupu saa chache kabla, na Albert Jones wa New Zealand aliiona usiku huohuo. Nyota ile ilikuwa supanova, yaani nyota inayolipuka na kung'aa kupita kiasi, na wataalamu wakaipa jina 1987A. Ni supanova ya kwanza kuonekana vizuri bila darubini tangu mwaka 1604.

Kile "kiwingu kisichoondoka" cha babu ndicho Wingu Kubwa la Magellan. Hakiondoki kwa sababu si wingu la mvuke, ni galaksi ndogo jirani yetu yenye mabilioni ya nyota, umbali wa miaka ya nuru kama 168,000 (mwaka mmoja wa nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka). Mtu wa Ulaya haioni kamwe, imefichwa na mgongo wa dunia. Ninyi mlioko nyuzi 10 kusini mwa ikweta mnaiona ikipanda hadi nyuzi 31 hivi juu ya upeo wa kusini. Nyosha mkono, kunja ngumi, panga ngumi tatu moja juu ya nyingine kuanzia pale anga linapogusa ardhi: hapo ndipo kimo chake cha juu. Na mwishoni mwa Februari hufika kimo hicho karibu saa moja na nusu usiku, giza likiwa limeingia tu. Mwaka ule wa 1987 mwezi mpya uliangukia tarehe 28 Februari, kwa hiyo jioni zile hazikuwa na mbalamwezi. Mvuvi aliyekuwa akitoka na ngalawa saa hizo alikuwa na anga bora kuliko mtaalamu yeyote wa London.

Lakini kumpenda babu hakutoshi kuwa ushahidi, basi tuupime usemi wake kama tunavyopima usemi wa mtu yeyote.

Umesema kaskazi lilikuwa linaisha. Inalingana, mwisho wa Februari na Machi ndio wakati wenyewe. Umesema Mwinyi alikuwa ameshaingia. Inalingana pia, aliingia Novemba 1985. Ila hapa pana mtego. Machi na Aprili 1986 nyota yenye mkia ya Halley ilipita, na huku kusini ilionekana vizuri kuliko kaskazini. Wazee wengi wa pwani wanaikumbuka, na kumbukumbu mbili zilizopishana mwaka mmoja huweza kugandana zikawa moja. Tofauti yake ni hii: Halley ilikuwa na ukungu kama pamba iliyochambuliwa, na ilihama usiku hadi usiku. Supanova ni kitone kikali kama nyota nyingine yoyote, nayo haihami hata unywele. Babu kusema ilikuwa "ndani ya kiwingu" kwangu ni hoja nzito, kwa sababu mtu hawezi kusema hivyo juu ya kitu kinachotembea.

Ushahidi unaonifurahisha zaidi ni wa bibi. Ramadhani ya mwaka 1987 ilianza mwishoni kabisa mwa Aprili na kwisha mwishoni mwa Mei. Supanova ile haikung'aa mara moja. Ilipanda polepole kwa muda wa karibu miezi mitatu na kufikia kilele mnamo Mei, ndani ya mfungo. Mwezi huo Wingu la Magellan huwa limeinamia kusini-magharibi wakati wa magharibi, ngumi moja na nusu hivi juu ya upeo, na huzama kabla ya saa tano usiku. Maana yake, baada ya kufuturu ilikuwa inaonekana, na wakati wa daku ilikuwa haipo kabisa. Angeniambia waliitazama wakila daku, ningesema bibi aliona kitu kingine, pengine Zuhura, ambayo mwezi ule ilikuwa ya alfajiri. Yeye amesema baada ya kufuturu. Mtu hawezi kubahatisha jambo kama hilo kwa urahisi.

Kuna swali moja ambalo sijui bibi atalijibu vipi, nalo ndilo linaloweza kuvunja hoja yangu. Muulize ilikuwa na mwanga wa kiasi gani, na usimdokezee jibu. Hata ilipofika kilele chake, 1987A ililingana na ile nyota angavu kuliko zote katika Kilimia, basi. Ilionekana, lakini haikutisha. Akikuambia ilimulika uwanja mzima, basi ama kumbukumbu imekua kama samaki anavyokua katika hadithi ya mvuvi, ama alichokiona ni kingine.

Kuhusu mwalimu wako, usimkasirikie. Amekosea katika mambo mawili, lakini ni makosa yanayotokana na vitabu tulivyonavyo. La kwanza, kwamba waliona Wachina tu. Ni kweli Wachina ndio waliotunza kumbukumbu ndefu kuliko wote. Waliziita nyota wageni, na mgeni wa mwaka 185, aliyetokea karibu na ile jozi angavu inayoelekeza kwenye kundi la nyota la Salibu, mara nyingi huhesabiwa supanova ya kwanza iliyoandikwa. Lakini ile iliyong'aa kuliko zote katika historia iliyoandikwa, ya mwaka 1006, sehemu muhimu ya habari zake tunaipata kwa kijana wa Misri, Ali ibn Ridwan, ambaye baadaye alikuwa tabibu mashuhuri. Ameandika kwamba ilikuwa kubwa mara mbili na nusu hadi tatu kuliko Zuhura, na kwamba nuru yake ilizidi kidogo robo ya nuru ya mwezi. Kisha akafanya jambo ambalo natamani kila mtu angelifanya: akaandika jua lilikuwa wapi siku ile, mwezi ulikuwa wapi, na kila sayari ilikuwa wapi. Kwa maneno hayo machache, wataalamu waliokuja miaka elfu moja baadaye waliweza kukokotoa kwamba alikuwa akiitazama karibu na tarehe 30 Aprili.

Watawa wa St. Gallen huko Uswisi nao waliiandika, ingawa kwao ilichungulia tu juu ya milima ya kusini. Sasa fikiri juu ya pwani yetu. Kilwa Kisiwani tayari palikuwa na watu mwaka 1006. Pale nyota hiyo ilionekana mara jua lilipozama, ikapanda hadi theluthi mbili ya anga, ikakaa usiku kucha, kusi likianza kuvuma. Watu waliosafiri kwa majahazi kwa kufuata nyota hawakukosa kuona kitu cha mwanga wa namna hiyo. Haiwezekani. Na kwamba walikuwa watazamaji wazuri tunajua, kwa sababu wametuachia maneno kama "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua." Hayo ni matokeo ya vizazi vya watu kuangalia juu na kulinganisha. Ila sijapata kukutana na andiko la pwani linalosema habari za mgeni yule wa 1006. Likiwa lilisemwa, lilisemwa kwa mdomo, na mdomo ukafa. Ndiyo maana simulizi la babu yako nimelichukulia kwa uzito huu.

Kosa la pili la mwalimu ni shimo jeusi, yaani kitu kilichobanwa kiasi kwamba hata nuru haitoki ndani yake. Nyota hulipuka kwa njia mbili zisizofanana, na kila njia ina masalia yake.

Njia ya kwanza ni ya nyota nzito, yenye uzito wa zaidi ya mara nane ya jua. Maisha yake yote inashindana na uzito wake yenyewe: moto wa ndani unasukuma nje, uzito unabana ndani. Inaunguza haidrojeni kuwa heli, heli kuwa kaboni, hivyo hivyo hadi kiini chake kinakuwa chuma. Chuma hakitoi nishati kikiunganishwa, kinainyonya. Siku hiyo ni kama nyumba ya ghorofa iliyokatwa nguzo zote kwa mkupuo. Kiini kinaporomoka kwa muda usiofika sekunde moja na kuwa mpira wa nyutroni, chembe zilizomo katika viini vya atomu, wenye upana wa kilomita kama 20, na tabaka za juu zinatupwa nje. Nyota ya babu ilikuwa ya namna hii, na kabla haijalipuka ilikuwa na uzito wa karibu mara 20 ya jua.

Sehemu kubwa ya nishati ya mporomoko huo haitoki kama nuru, inatoka kama chembe ziitwazo nyutrino, ambazo hupenya kila kitu. Jumatatu tarehe 23 Februari 1987, saa nne na dakika 35 asubuhi kwa saa za kwetu, vifaa vilivyofukiwa ardhini Japani, Marekani na Urusi vilinasa nyutrino kama 25 kwa pamoja, ndani ya sekunde zisizozidi kumi na tano hivi. Nuru yenyewe ilifuata saa chache baadaye. Asubuhi ile babu yako, pengine akitengeneza nyavu, alipitiwa mwilini na nyutrino mabilioni kwa mabilioni kutoka kwenye nyota hiyo, na hakuhisi chochote wala hakudhurika. Mweleze mama hilo.

Njia ya pili ni ya nyota iliyokwisha kufa. Nyota za kadiri ya jua letu huishia kuwa kitu kidogo kizito kiitwacho kibete cheupe, nacho ni kama bonge la makaa, maana kimejaa kaboni na oksijeni. Likikaa peke yake hupoa taratibu. Lakini likiwa na mwenzi wa karibu linaweza kupokea gesi kutoka kwake, au kugongana naye, na uzito ukikaribia mara 1.4 ya jua makaa yale yanashika moto yote kwa pamoja. Hakibaki kitu katikati, si shimo jeusi wala nyota ya nyutroni, ni gesi tu inayotawanyika. Mgeni wa 1006 alikuwa wa namna hii. Vivyo hivyo ile ya 1572 iliyomfanya Tycho Brahe wa Denmark aonyeshe kwamba iko mbali kupita mwezi, wakati wasomi wa Ulaya walishikilia kwamba huko juu hakuna kinachobadilika, na ile ya 1604 aliyoiandikia kitabu Johannes Kepler. Mashimo meusi yapo, na baadhi ya nyota nzito sana huishia huko. Lakini si kila mlipuko.

Masalia ndiyo yanayotuwezesha kurudi nyuma na kuwahoji wazee waliokufa. Mwaka 1054, mwezi Julai, Wachina waliandika juu ya mgeni karibu na ncha ya pembe ya kundi la Ng'ombe, si mbali na Kilimia. Alionekana mchana kweupe kwa siku 23 na usiku kwa karibu miaka miwili. Leo mahali hapo pana wingu la gesi liitwalo Nebula ya Kaa, kwa jina la kaa wa baharini. Wataalamu walilipiga picha, wakangoja miaka, wakalipiga tena, wakaona nyuzi zake zimesogea nje. Ni kama kukuta nyayo za kaa mchangani zikitoka pande zote: ukizifuata kinyume unafika kwenye tundu. Mwaka 1928 mtaalamu wa nyota Edwin Hubble alikokotoa kwamba kwa mwendo ule wingu lilihitaji kama miaka 900 kufikia ukubwa wake. Hesabu ikaangukia palepale pa Wachina. Gesi hiyo bado inakimbia kilomita 1,500 kwa sekunde. Ni sawa na kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam na kurudi, na njia ikabaki. Katikati yake mwaka 1968 ikagunduliwa nyota ya nyutroni inayojizungusha mara 30 kila sekunde.

Masalia ya 1006 ni gamba jembamba la gesi lenye upana wa miaka ya nuru kama 60, ndani hamna nyota, na lilitambuliwa mwaka 1965 kwa mawimbi ya redio. Ya 1572 yana kisa cha kupendeza zaidi. Sehemu ya nuru ya mlipuko ule ilikwenda upande mwingine, ikagonga mavumbi ya mbali, ikarudi kwetu kama mwangwi unavyorudi ukipaza sauti kwenye korongo. Mwaka 2008 wataalamu waliusoma mwangwi huo wakatambua aina ya mlipuko, miaka zaidi ya 400 baada ya Tycho kufa. Nayo nyota ya babu yako imezungukwa na pete tatu za gesi ambazo ilizitoa maelfu ya miaka kabla ya kulipuka, na mwaka 2024 zilichapishwa habari kwamba darubini ya James Webb imeona dalili za nyota ya nyutroni iliyojificha katikati ya vumbi lake. Yaani kisa alichokianza kukitazama akiwa kwenye ngalawa bado kinasomwa.

Tuje kwenye Jabari, lile kundi la nyota ambalo Wazungu huliita Orion. Nyota nyekundu ya begani mwake, Ibt al-Jauza (Betelgeuse), ni kweli italipuka. Ila "wakati wowote" ya wanajimu wa sayansi si "wakati wowote" ya daladala. Inaweza kuwa usiku huu, inaweza kuwa baada ya miaka 100,000, na hilo la pili lina uwezekano mkubwa zaidi. Ilipofifia mwishoni mwa 2019 na mwanzoni mwa 2020 watu walishtuka, kumbe ilikuwa imetema vumbi lililoiziba usoni. Ili supanova ituletee madhara ingepaswa kuwa ndani ya miaka ya nuru kama 50 au pungufu. Hii iko mbali mara kumi ya hapo au zaidi. Ikilipuka tutaona kitone chenye mwanga unaokaribia ule wa nusu mwezi, kitakachoonekana hata mchana kwa wiki nyingi. Mtoto anayeutazama mwezi hapofuki, na atakayekitazama kitone hicho hatapofuka. Jambo moja tu la kuwakataza watoto: wasielekeze kamwe darubini ya mkono upande wa jua, hata wakiwa wanatafuta nyota ya mchana. Jua hupofusha kweli, na kwa nukta moja. Uani usiku wakae.

Kuhusu kuthibitisha habari za babu, hili nalo halifanyiki kwa simu. Kaa na bibi, siku ambayo hana haraka, na daftari. Waulize pia wazee wengine waliokuwa wakivua naye, kila mmoja peke yake, wasisikilizane. Uliza ilikuwa wapi, saa ngapi, upepo gani, ilihama au haikuhama, ilidumu muda gani. Andika maneno yao kama walivyoyasema, hata yale yasiyolingana na niliyokueleza hapa, hayo hasa. Ukishamaliza, yapeleke kwenye kituo cha mkoa cha Chuo Kikuu Huria, uombe wakuunganishe na wanaofundisha elimu ya anga.

Na katikati ya Januari, usiku usio na mwezi, macho ya mama yakiwa yameshaangaliwa, mchukueni bibi hadi ufukweni mbali na taa za mji, Msimbati kama usafiri upo. Saa nne usiku kiwingu kitakuwa kimesimama kusini, ngumi tatu juu. Usimwonyeshe wewe. Mwache akuonyeshe yeye kilipo, halafu umuulize ile nyota ilikuwa ndani yake au pembeni.